Aliyewahi kupooza asichanjwe: nani kasema?

Leo hakuna pishi. Nilikuwa nimeahidi kuendelea na habari ya udi na mafuta ya nywele, na picha nimeshapiga, lakini nina jambo limenikaa kooni tangu Ijumaa na nisipolisema litanichoma.

Shoga yangu mmoja, wa tangu skuli, ana mama yake wa miaka 68. Mama huyu alipooza upande wa kulia miaka mitatu nyuma. Anatembea kwa mkongojo, mkono haujarudi sawasawa, na kauli inatoka kwa tabu. Neno moja linaweza kumchukua dakika nzima. Alhamdulillahi, watoto wamechangishana na mwaka huu anakwenda Umra. Pasi ipo, tiketi ipo, mahram yupo, ni mwanawe wa pili. Kilichobaki ni sindano. Saudia inataka cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo, na sindano iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika. Mtu wa umri wake anashauriwa pia apate ya homa ya mafua.

Basi Ijumaa baada ya sala ukoo ukakaa. Mjomba wake shoga yangu akatoa simu, akaweka sauti iliyorushwa kwenye grupu la WhatsApp. Mwanamme anazungumza kwa utulivu, sauti nzito, kama mtu anayejua. Anasema aliyewahi kupooza akidungwa chanjo yoyote ile, damu inaganda na anapooza upande wa pili. Hajitaji jina. Hasemi kasomea wapi wala anatibu wapi. Dakika mbili na nusu tu, na zikatosha kuwanyamazisha watu kumi na moja, wawili kati yao walimu.

Likaja suluhisho, na hilo ndilo lililonikaa kooni. La kwanza: kuna mtu anauza kadi, mhuri tayari, bila ya sindano. La pili, la wale wanaojiona wachamungu zaidi na hawataki kughushi: mama apelekwe akachomwe, lakini nesi aambiwe kwamba hajawahi kuumwa kitu, asije akakataliwa. Yaani safari ya kwenda Makka inaanza kwa uongo, kilichobaki ni kuchagua uongo upi.

Mimi sikuwapo. Ningekuwapo nisingenyamaza, kwa sababu sauti kama ile nimeshawahi kuisikiliza mimi mwenyewe, tena niliitii.

Mamangu alipooza mara ya kwanza 2018. Kidogo tu, mdomo na mkono wa kushoto, na akarudi vizuri hadi akawa anasuka ukili kama zamani. Chanjo za korona zilipofika visiwani 2021, alisema mwenyewe kwamba anataka. Mnakumbuka mwaka ule ulivyoanza. Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais, chama chake kilitangaza kuwa ana korona, na tarehe 17 Februari akafariki, akazikwa kwao Pemba. Mamangu alimlilia kama kaka yake. Aliuogopa ugonjwa kuliko sindano. Mie ndiye niliyemkataza. Nilikuwa nimesikia sauti, safari ile ya mwanamke, akisema ni nesi. Nikamwambia, "Mama, wewe umeshapooza, tusichokoze." Nikajiona nampenda.

Mwisho wa mwaka akapata homa na kikohozi. Siku ya nne, alfajiri, nilimkuta chini kati ya kitanda na mlango, uso umepinda, macho yananitazama na kauli haitoki. Kiharusi cha pili. Aliishi miezi kumi na minne baada ya siku hiyo. Sitawaeleza yote, waliouguza wanajua. Pempasi. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichimbike. Uji wa kijiko, na hofu kila kijiko asije akapaliwa. Kaka zangu walikuwa wanakuja Jumapili, wanakaa ukumbini, wanauliza "anaendeleaje?", wanaondoka.

Sisemi chanjo ingemuokoa. Ajuaye ni Mungu, na isitoshe hakupimwa, hata jina la homa ile silijui. Ninachosema ni kwamba niliamua jambo zito juu ya mwili wa mamangu kwa ushahidi ambao nisingeukubali nikienda kununua samaki. Darajani natazama jicho la jodari, nafungua mashavu, nabonyeza nyama, ndipo natoa pesa. Sauti ile sikuitazama hata jicho.

Haya basi, tuitazame leo.

Ina mbegu ya kweli ndani yake, na tukilikataa hilo hatutamshawishi mjomba wa mtu. Mwaka 2021 ilibainika kwamba chanjo mbili za korona, AstraZeneca na ile ya Johnson & Johnson, kwa watu wachache sana zilileta mgando wa damu, mara nyingine kwenye mishipa ya ubongo. Hii ya Johnson & Johnson ndiyo iliyofika Tanzania Bara Julai 2021, zaidi ya dozi milioni moja, na Rais Samia akachanjwa hadharani tarehe 28 mwezi huo. Kwa hiyo aliyesikia habari ya damu kuganda hakuota.

Lakini sikilizeni mgando wenyewe ni upi. Kinga ya mwili inakosea shabaha, inaishambulia damu ya mwenyewe. Chembe sahani zinapungua na wakati huohuo damu inaganda. Si mafuta yaliyojaa kwenye mishipa, si presha, si sukari. Ni ugonjwa mwingine kabisa na kiharusi hiki tunachokijua sisi, na kuwahi kupooza hakukuonekana kuwa ndiko kunakomtia mtu kwenye hatari hiyo. Hatari ilikuwa kubwa zaidi kwa wasiofika miaka 60. Ndiyo maana Uingereza, Aprili 2021, ilishauri walio chini ya miaka 30 wapewe chanjo nyingine badala ya AstraZeneca, na mwezi uliofuata ikapandisha hadi walio chini ya 40. Wazee waliendelea kupewa ileile. Someni tena hapo. Walioiona hatari waliiondoa chanjo kwa vijana wakaiacha kwa wazee, kwa sababu mzee ugonjwa ungemfanya vibaya zaidi. Sisi habari ikatufikia imesimama kichwa chini miguu juu.

Na chanjo ya uti wa mgongo haimo kabisa katika kesi hii. Wala ya mafua. Kuzihukumu hizo kwa kosa la AstraZeneca ni kumchapa mtoto wa jirani kwa kikombe alichovunja wa kwako.

Mbegu ya pili ilitoka Marekani. Januari 2023 mamlaka za afya za huko zilitangaza wazi kwamba mtambo wao mmoja wa kufuatilia chanjo umeonyesha dalili: huenda wazee wa miaka 65 na zaidi waliopata nyongeza mpya ya Pfizer walipata viharusi zaidi katika siku 21 za mwanzo. Wakatafuta kwenye kumbukumbu nyingine, zenye watu wengi zaidi, hawakuikuta. Utafiti uliotoka baadaye ulikuta nyongeza ndogo kwa baadhi ya wazee waliochomwa sindano ya korona pamoja na ile ya mafua yenye nguvu kubwa, takriban visa 3 kwa kila dozi laki moja. Sikufichieni hilo. Mwenye kutaka kuogopa watatu katika laki moja aogope, lakini akubali kwanza kuitazama na hesabu ya upande wa pili.

Mwaka 2004 jarida kubwa la udaktari la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uingereza kwenye kumbukumbu za wagonjwa. Waliangalia maelfu ya watu waliopata kiharusi, wakauliza: kilikuja lini, ukilinganisha na siku waliyochanjwa, na ukilinganisha na siku walioumwa kifua? Baada ya chanjo ya mafua, ya pepopunda au ya nimonia, hatari ya kiharusi haikupanda. Baada ya kuumwa maradhi ya njia ya hewa ilipanda zaidi ya mara 3 katika siku tatu za mwanzo, halafu ikashuka polepole kwa wiki kadhaa. Siku tatu za mwanzo! Mie nilipoisoma hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kukaa uwani.

Korona nayo ilihesabiwa. Uingereza, Desemba 2020 hadi Aprili 2021, watu zaidi ya milioni 29 waliochanjwa. Kwa kila watu milioni 10 waliochanjwa Pfizer walikadiria viharusi 143 vya ziada. Kwa kila milioni 10 waliopata virusi vyenyewe: 1,699. Hesabu hiyo ilitoka Agosti 2021, mwezi ambao mie nilikuwa namkataza mamangu.

Wahongkong nao waliwatazama watu ambao tayari wana maradhi ya moyo na mishipa ya damu, maana hao ndio hasa tunaowaogopea. Hawakuona mashambulizi ya moyo na viharusi kuongezeka baada ya chanjo, si kwa Pfizer wala kwa Sinovac, ile ambayo Unguja tuliipata 2021. Na Alberta, Kanada, walipowafuatilia watu milioni 4 kwa miaka kadhaa walikuta viharusi vichache zaidi, kwa zaidi ya moja ya tano, katika kipindi baada ya chanjo ya mafua. Huo wa Kanada nauchukua kwa tahadhari, kwa sababu mtu anayekwenda kuchanja kila mwaka pengine ndiye huyohuyo anayekunywa dawa zake na kupunguza chumvi. Hata nikiupunguza nusu, unaelekea upande mmoja na wenzake.

Kwa nini homa inaleta kiharusi? Mwili ukipigana na maradhi, damu inakuwa nyepesi kuganda. Mzee hana hamu ya kunywa maji, anakauka. Moyo unakwenda mbio, presha inayumba. Mishipa iliyokwisha kuingia utando wa mafuta inavimba ndani, na ule utando unaweza kuchanika. Kwa mtu mwenye mishipa mizima ni wiki mbaya tu. Kwa aliyekwisha kupooza, njia ni ileile iliyoziba mara ya kwanza.

Najua mtaniambia: "Lakini mama fulani kachanjwa Jumatatu kapooza Alhamisi, nimeona kwa macho yangu." Siwezi kukataa uliyoyaona. Ila hesabu hii haihitaji daktari. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walivihesabu viharusi Dar es Salaam kwa uangalifu sana, wakapata takriban 316 kwa mwaka kwa kila watu laki moja, baada ya kurekebisha hesabu kwa umri. Gawa kwa wiki 52: sita kwa wiki. Kwa maana hiyo ukiwakusanya watu laki moja wenye mchanganyiko wa umri uliotumika kwenye hesabu hiyo ukawanywesha maji ya zamzam, ndani ya wiki moja takriban sita watapata kiharusi. Ukichukua wazee peke yao watakuwa wengi zaidi, na ukichukua waliokwisha kupooza watakuwa wengi zaidi tena. Hakuna atakayeyalaumu maji. Sindano ndiyo tunayoikumbuka, kwa sababu iliuma.

Na hapa nina ugomvi na sisi wenyewe wanawake, maana ndio tunaouguza na ndio tunaoamua, hata tukijifanya kaamua mjomba. Mgonjwa akipooza tunamleta mkandaji amchue, hatumuulizi cheti. Tunanunua chupa ya majani kwa mtu wa barazani, hatuulizi imewadhuru wangapi. Tunatafuta jini. Sijaja kuipiga vita hijama, nami nimeshaumikwa. Lakini nimemwona kwa macho yangu mama anayekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, akichanjwa mgongo kwa wembe mara kumi na nne na watoto wake wamekaa wanasubiri, na watoto haohao wakasema sindano ya bega ni hatari. Neno chanjo lenyewe limetoka kwenye kuchanja. Wembe hatuuogopi, tunaogopa sindano nyembamba ya nesi.

Ugomvi wangu wa pili ni na watu wa afya, baadhi yao. Nilipokuwa nahangaika na mamangu 2021 nilimuuliza mhudumu mmoja, kituo sikitaji. Nikamwambia mama kapooza, anywe dawa hizi, je achanjwe? Akanijibu bila ya kuinua uso: "Hiyo shauri yenu nyumbani." Hakusema ndiyo, hakusema hapana, hakutazama hata majina ya dawa. Pale penye jibu lake palibaki tupu, na sauti ya WhatsApp ndiyo ikaingia kujaza. Daktari akinyamaza watu hawabaki bila ya jibu, wanapata la mwengine. Nyinyi mnaotusoma mkiwa zamu, na najua mpo, mnafika dakika tatu kumweleza mtu.

Sasa niseme yale ambayo kweli yanataka tahadhari, kwa sababu yapo, na hayo hakuna anayerusha sauti yake.

Dawa zisikatishwe. Kuna watu wanamwachisha mama aspirini au warfarini siku tatu kabla ya sindano, kwa akili yao, "asije akatoka damu nyingi." Kuachisha dawa hizo ndiko kunakoweza kumpooza. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anachomwa kama kawaida: aambiwe nesi, itumike sindano nyembamba, na mahali pakandamizwe kwa pamba dakika mbili bila ya kusugua. Anayepimwa damu kwa ajili ya warfarini ahakikishe kipimo chake kiko sawa. Patavilia kidogo, basi.

Akipata homa au bega likauma usiku ule, apewe panadoli. Asipewe diklofenaki, ambayo nyumba nyingi zinayo kwenye droo kama peremende. Diklofenaki inapandisha presha, na kwa anayetumia dawa za damu inaweza kumtoa damu tumboni. Hii naiona kila siku na inaniudhi.

Mwenye homa kali siku hiyo, au ambaye bado yumo wodini kwa kiharusi kipya, angoje daktari aseme lini. Aliyewahi kupata mzio mkali wa chanjo fulani asirudie ileile bila ya daktari. Na kuna chanjo moja ambayo umri peke yake unataka mazungumzo, nayo ni ya homa ya manjano: ina kirusi hai kilichodhoofishwa, na kwa wenye miaka 60 na zaidi wanaochomwa kwa mara ya kwanza madhara makubwa, ingawa ni nadra, huja zaidi kuliko kwa vijana. Mzee akiambiwa aende nayo mahali, aulize kwanza kama kweli inahitajika safari hiyo. Mnaona? Tahadhari ya kweli ina jina la chanjo, ina umri na ina sababu. Haisemi "chanjo yoyote ile".

Kwa wanaoingoja Ramadhani, sindano ya msulini si chakula. Mufti Mkuu wa Saudia alisema 2021 kwamba chanjo ya korona haifunguzi. Msiwacheleweshe wazee kwa hilo.

Nirudi kwenye ile kadi ya kununua. Saudia haikuamka asubuhi moja ikaamua kuwasumbua mahujaji. Mwaka 1987 homa ya uti wa mgongo ilizuka kwenye Hijja, na baada ya hapo chanjo ikawa lazima. Mwaka 2000 na 2001 ikaja aina nyingine, inayoitwa W135, ikarudi na mahujaji hadi nchi zao na kuwapata watu wa nyumbani ambao hawakwenda popote. Ndiyo maana sindano ya sasa ina aina nne, A, C, W na Y. Shirika la Afya Duniani linasema katika wanaopata homa ya uti wa mgongo ya bakteria, karibu mmoja kati ya sita hufa. Mwenye kununua kadi haidanganyi Saudia peke yake. Akirudi atabusu wajukuu.

Tawakkul tunaijua. Kisa cha yule aliyemwacha ngamia bila ya kumfunga kila mtoto wa chuo anacho. Sitawahubiria, masheikh wapo.

Lakini kilichoniudhi kuliko vyote ni kitu ambacho shoga yangu alikitaja kwa kupita tu, kama si kitu. Nikamuuliza: "Na mama mwenyewe alisema nini?" Akasema, "Mama alikuwepo, kakaa kwenye kochi." Watu kumi na moja walizungumza saa mbili juu ya bega la mtu aliyekaa mbele yao, na hakuna aliyemgeukia. Kwa sababu kauli yake nzito, tumeamua na akili imeondoka. Kiharusi kinaweza kuchukua maneno kikaacha akili palepale. Mtu anaelewa kila kitu, anasikia watoto wake wakimpangia maisha, na neno linakwama. Unauliza swali fupi, la ndiyo au hapana. Unanyamaza. Unangoja. Kama ni dakika ni dakika, wewe yeye alikungojea miezi tisa.

Jumatatu nikaenda nyumbani kwao. Nikampa shikamoo, nikakaa chini kwenye mkeka, nikamuuliza kama anataka kuchomwa sindano ya Umra. Akanitazama. Akamtazama mwanawe. Kisha kwa mkono wake mzima akavuta kanga begani.

Tukaenda, yeye, shoga yangu na mie, na tukasema kila kitu: kapooza lini, upande gani, anakunywa nini. Nesi, mtu mzima kidogo, wala hakushtuka. Akasema hao ndio anaowataka. Akafunga mashine ya presha. 186 kwa 108. Akaifunga tena, ileile. Akauliza dawa. Shoga yangu akatoa kopo kwenye mkoba, na halikulia.

Lilikuwa tupu. Mama akaulizwa tangu lini. Akainua vidole, mara moja vitano, mara ya pili vinne. Siku tisa hajanywa dawa ya presha. Siku tisa ambazo sauti ile ilikuwa inazunguka kwenye simu za watoto wake wote, na mjomba kairusha mara mbili. Kila mmoja alidhani mwenzake kanunua.

Daktari akampa dawa palepale, akatukalisha. Akasema sindano haina ugomvi na presha, ila yeye angependa ishuke kwanza, turudi Jumatano. Leo asubuhi ilikuwa 156 kwa 92. Kachomwa ya uti wa mgongo na ya mafua. Nesi alikandamiza pamba kwa dakika mbili akitazama saa ya ukutani, mama akiwa anamtazama yeye. Jioni hii kaniambia shoga yangu bega linauma kidogo, kapewa panadoli, kala wali kwa samaki wa nazi.

Wanaondoka baada ya wiki tatu. Kopo sasa liko juu ya friji, na kila anayelifungua anaandika tarehe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Mjomba kapewa zamu ya Ijumaa. Udi na mafuta ya nywele, wiki ijayo inshallah.